Anastasie na Koleo za Dokta Clarisse

Kwa miaka kumi na tisa, mwanamke akishikwa na uchungu pale Baraka, jina la kwanza kutajwa lilikuwa la Anastasie, mkunga wa hospitali. Wengine walivuka ziwa kutoka Ubwari ili tu wazalishwe na mikono yake. Kisha akaja Dokta Clarisse, binti aliyesomea Bukavu, anayejua kumvuta mtoto kwa koleo za kushika kichwa. Wiki ya kwanza akamtoa mtoto aliyekwama, na tangu hapo bamama wakifika mlangoni wanauliza, "Dokta iko?" Anastasie alijibu kwamba yuko, huku moyo unamchoma.

Alhamisi mchana akaletwa Saumu, mke wa mvuvi. Alikuwa amesukuma kwa saa mbili, nguvu zimemwishia, na moyo wa mtoto umeanza kupiga polepole. Clarisse alipima, akamtoa mkojo kwa mpira, akamchoma sindano ya ganzi, akachukua koleo.

Anastasie naye alikuwa amepima. Kichwa kilikuwa kimeshuka vizuri, lakini mtoto alitazama pembeni. Utosi uliovimba kwa kusukumwa ulikuwa umemdanganya dokta. Koleo zingeingia hivyo, upande mmoja ungekaa juu ya jicho.

Akanyamaza. Baadaye alikiri kwa mumewe, Placide, kwamba kwa pumzi mbili hivi alitaka binti yule aaibike. Kisha Saumu akamshika mkono, akamwuliza kwa sauti ndogo, "Mama, mutoto wangu atapona?"

"Dokta, ngoja," Anastasie akasema. "Mutoto anaangalia ku pembeni."

"Mi nilisikia kisogo iko mbele, ku upande ya tumbo."

"Pima tena. Tafuta sikio, itakuonyesha uso iko wapi."

Clarisse akapima, akabadilika uso. Aliweka koleo mezani, akakigeuza kichwa kwa mkono taratibu, ndipo akazitia koleo pande zote mbili. Uchungu ulipokuja akavuta, si kabla. Mara ya kwanza kichwa kikasogea. Mara ya pili akatoka msichana, analia, ana alama nyekundu shavuni.

"Ingekataa mara ya tatu, tungemupasua mama yake," Clarisse alisema, jasho linamtiririka.

Mama mkwe wa Saumu aliingia, akamshika dokta mikono yote miwili.

"Mushukuru Mama Anastasie," Clarisse akamwambia. "Mi nilikuwa nimekosea."

Yule mama akacheka, akidhani ni adabu tu, wala hakuiachia mikono ya dokta. Anastasie akaenda kuosha koleo, kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika.

Jioni Clarisse alimwomba amfundishe kutafuta sikio. Anastasie alikubali, ila akamfanya angoje mpaka Jumatatu.