Mistari kwenye Kioo cha Maabara

Kokuberwa alirudi kazini Jumatatu, kitambaa cheusi kikiwa bado kichwani. Wenzake wa kiwanda cha samaki pale Nyakato walimpa pole mlangoni, akaitikia kana kwamba pole hizo ni za mtu mwingine. Mumewe, Mutayoba, walikuwa wamemzika Kanyigo, kwao Kagera. Ndiye aliyekuwa akiitunza kompyuta ya maabara. Yeye Kokuberwa alikuwa mchapaji, anaingiza vipimo vya samaki basi.

Meneja, Bwana Chenge, alimkuta maabara.

"Pole sana, Mama Renatha. Nisingekusumbua mapema hivi. Monita iliungua, umeme ulipokatika ukarudi kwa nguvu. Tumenunua nyingine mjini, na yenyewe ndiyo hiyo unayoiona."

Kwenye kioo kulikuwa na mistari ya kijani na myeupe, inakimbia upande kama mvua ya upepo. Fundi alikuwa ameitwa, lakini alipoona ndani hamna Windows aliyoizoea bali Linux, mfumo mwingine aliouweka marehemu, alifunga mkoba wake akaondoka. Chenge alitaka kuleta mtaalamu kutoka Nairobi, kompyuta nzima ibadilishwe.

"Niachie niitazame," alisema Kokuberwa.

Hakuwa na hamu nayo. Ila ilikuwa afadhali kuliko kukaa nyumbani Mkolani, ambako shemeji yake, Rwehumbiza, alikuwa akimsubiri. Alikuwa ameleta neno la ukoo: Kokuberwa na mtoto warudi Kanyigo kwa meli ya Alhamisi. Kokuberwa hakuwa amekubali wala kukataa.

Alizima kompyuta, akawasha. Maandishi meupe yakapita juu ya kioo cheusi, yanasomeka vizuri. Picha ilipotaka kufunguka, mistari ikarudi. Akarudia, ikawa vile vile. Akaelewa kwamba kioo ni kizima, kosa liko kwenye amri kinazopewa na kompyuta. Hata hivyo hakufurahi. Akaomba simu, akampigia Pius, aliyesoma na Mutayoba Dar es Salaam.

Pius alisikiliza, kisha akasema, "Shemeji, mipangilio bado ni ya monita ya zamani. Inailazimisha hiyo mpya kwenda kwa kasi isiyoiweza. Nyuma yake pana kibandiko, soma viwango. Usivizidishe, utaiunguza."

Akamweleza namna ya kurudi kwenye maandishi matupu na faili la kufungua. Lilikuwa refu. Kokuberwa alilishuka taratibu mpaka akaufikia mstari wa monita. Juu yake Mutayoba alikuwa ameandika: *Hii imekaa sawa, usiguse.*

Akadhani atalia. Akangoja kidogo, machozi hayakuja. Akafuta tarakimu za zamani, akaandika za kwenye kibandiko. Maneno ya mumewe aliyaacha.

Mara ya kwanza picha ilitokea nusu, imesukumwa pembeni. Akapunguza ukubwa wake, akawasha upya. Jedwali la vipimo likakaa katikati ya kioo, limetulia.

"Kumbe unaijua," alisema Chenge.

"Siijui. Nimeuliza."

"Basi kazi ya marehemu ishike wewe."

"Sawa," alijibu, kwa sauti ile ile aliyoitikia pole.

Jioni alimwandalia Rwehumbiza chakula, akakaa mbele yake.

"Shemeji, mimi na Renatha tunabaki."

"Nitawaambia nini wazee?"

"Waambie nimepewa kazi ya Mutayoba. Waambie nawasalimia."

Rwehumbiza alimtazama sana, kisha akavuta sahani. Alhamisi Kokuberwa alimsindikiza bandarini, Rwehumbiza amebeba makoti ya marehemu kaka yake. Meli ikaondoka, naye akarudi kazini.

Habari zilienea. Ofisi zenye kompyuta mjini hazikuwa nyingi, na mafundi walikuwa wachache zaidi, kwa hiyo wakaanza kumwita. Alikwenda, alitengeneza, aliaga. Watu walisema ni mkavu.

Miezi ilipita ndipo siku moja akaitwa na ofisi ya wakulima wa pamba kule Kisesa. Kioo chao kilikuwa cheusi tangu asubuhi. Karani, Teodora, alisimama nyuma yake kwa wasiwasi. Kokuberwa aliinama chini ya meza akakuta waya umelegea tu, umechomoka kidogo. Akiwa bado amepiga magoti, waya mkononi, kilio kikamshika, cha sauti, hakizuiliki.

Teodora alifunga mlango, akaketi sakafuni karibu naye mpaka kilipopungua.

"Niletee maji, mdogo wangu," alisema Kokuberwa hatimaye. Akanywa, akafuta uso kwa ncha ya khanga, akaukaza waya.