Watalii kwenye msiba wa babu

Jamani, leo msiba wetu umefanywa kivutio cha utalii!

Jana tulimzika babu. Leo tumekaa mikekani hapa nyumbani Korogwe, bibi yupo katikati ya wanawake wenzake. Mara boti ya watalii wanaotembezwa vijijini ikaegeshwa pale mtoni, wakapanda hadi uani kwetu.

Kamera hizo!

Anayewatembeza ni mtu wa huku huku. Kaingia, katuambia, "Poleni na msiba." Halafu kawageukia wageni wake, kawaambia kwa Kiingereza kwamba hii ni sherehe ya kijiji.

Nimemsikia kwa masikio yangu!

Nikainuka nimfukuze. Bibi akaniwahi. Akawashika wageni mikono mmoja mmoja, machozi yanamtoka.

"Asanteni wanangu. Kumbe mzee wangu alijulikana hadi huko!"

Akaagiza wapakuliwe wali. Yule mtembezaji wao akawa anatazama chini tu.

Na sahani kapokea!

Hasira haijaniisha mpaka sasa. Lakini kila anayekuja kutoa pole, bibi anamsimulia kwamba hata Wazungu wamekuja kumlilia mume wake.

Haya, nani kati yenu angemwambia ukweli?