Flashi Iliyojitokeza Mara Mbili

Kabla sijawa mtu wa kukaa kitini, nilikuwa mtu wa kuning'inia nyuma ya lori la takataka. Anayepita leo Kibarani, lilipokuwa jaa la Mombasa, akaona miti iliyopandwa hawezi kujua moshi tulioumeza pale. Ile harufu ilikuwa ikiingia mpaka kwenye nywele. Mke wangu, Mungu amrehemu, alinipangia mlango wa uani. Ukumbini sikanyagi mpaka nikoge, na sabuni nilinunuliwa yangu peke yangu.

Huko jaani ndiko nilikookota redio. Niliifungua kwa kisu cha mezani, nikakuta mende waliokufa na waya mmoja umeachana na mwenziwe. Nikaurudisha, redio ikasema. Kusema kweli sikujua nilichofanya, na mpaka leo sijui. Lakini Mji wa Kale ni mahali pa vibaraza, na kibaraza hakikosi habari. Wiki haikwisha nikawa nimeshaitwa fundi. Nikaacha lori, nikashika bisibisi, nikatengeneza pasi na feni za watu kwa miaka. Shule niliachia darasa la tatu, chuoni, kwenye Kurani, ndiko nilikosogea kidogo. Pasi haimuulizi mtu cheti.

Nayasema haya ili ijulikane kwa nini binti yangu wa Ganjoni, aliponunua kompyuta mpya, alinipa mimi ile ya zamani. "Baba ni fundi, ataielewa." Nikaiweka juu ghorofani, karibu na dirisha, nikajifunza kutazama nyuso za wajukuu walio mbali. Zaidi ya hapo nilikuwa nabahatisha tu.

Sasa nilikuwa na sahibu yangu, mchoraji wa kofia. Tulijuana kabla hatujaoa. Yeye hakushona, alichora maua kwenye karatasi, kisha akayahamishia kwenye nguo, na wanawake wakashona majumbani mwao kwa mkono, kofia moja miezi. Kazi hiyo ina wizi wake. Nilimwona mtu mzima, ana ndevu nyeupe, Ijumaa nzima haisikilizi hotuba, anahesabu maua kwenye kofia ya aliyekaa mbele yake. Baada ya muda ua lile lile tukaliona vichwani mwa watu wasiomjua aliyelichora. Kwa hiyo sahibu yangu alichorea ndani, mlango ukiwa umefungwa, na akimaliza, karatasi inaingia kwenye kasha na ufunguo unaingia kiunoni. Hata mimi, miaka yote hiyo, kasha lile sikulitia jicho.

Mwaka jana mvua ya masika ilipita kwenye dari lake ikaingia kwenye kasha, karatasi zikawa uji. Bahati ni kwamba bintiye alikuwa amezipiga picha zote, akaziweka kwenye flashi. Simu aliyopigia ikaharibika, ikabaki flashi peke yake. Naye macho yalikuwa yanamwishia, presha ya macho, daktari alikwisha kumwambia. Alitaka jambo moja kabla hayajazima: aitazame michoro ikiwa mikubwa kwenye kioo, amwonyeshe bintiye ua lipi ni la nani na linaanzia wapi, ili binti achore ale. Hakuwa na kitu kingine cha kumwachia. Nyumba yenyewe ni ya urithi wa watu wengi.

Akaja baada ya Alasiri, flashi ameifunga kwenye leso. Nikaichomeka. Upande wa kushoto wa kioo huwa kuna orodha ya vilivyomo ndani ya mashine. Nikaiona flashi yake imekaa pamoja na vitu vya kompyuta, kisha hapo chini nikaiona tena, jina lile lile. Nikafungua ya juu, folda ya michoro imo. Nikafungua ya chini, folda ile ile, picha zile zile. Mimi, kwa ufundi wangu, nikasema kwa sauti:

"Ajabu! Mashine imejinakilia."

Laiti ningenyamaza.

"Imejinakilia nini?"

"Michoro. Iko miwili miwili. Mmoja wa flashi, mwingine nadhani umeingia kwenye mashine yangu."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Yakhe, mashine haina ruhusa. Imefanya tu."

Nikampigia simu mama mmoja Mgiriama anayefanya kazi kwenye duka la kupiga chapa kule Buxton, ndiye aliyekuwa akinisaidia nikikwama. Akaniambia, "Mzee, usiguse kitu. Kesho nikitoka kazini nitapita."

"Kesho?" sahibu yangu akasema. "Na michoro yangu ilale kwako?"

"Ilale, kwani itaamka na mimba?"

Hakucheka. Siku nyingine angecheka mpaka kofia imwanguke.

"Ifute hiyo iliyo kwenye mashine yako."

"Nimeambiwa nisiguse."

"Wewe fundi mzima wangoja mwanamke wa Buxton akwambie la kufanya nyumbani kwako? Ama wataka kubaki nayo?"

Neno hilo liliniingia. Miaka yote ile, nami nimekaa nyuma yake msikitini, sijahesabu hata ua moja. Nikataka kumwonyesha kwamba mimi si mwizi. Ningeichomoa flashi kwanza ningeona zote mbili zinapotea pamoja, nami ningeelewa. Fundi wa pasi huchomoa kwanza, ndilo jambo la kwanza analojifunza. Mimi sikuchomoa. Nikaenda kwenye ile ya juu, niliyodhani ndiyo ya mashine, nikaiteua folda, nikafuta. Mashine ikaniuliza kitu kwa Kizungu, nikakubali.

Nikafungua ya chini. Tupu.

"Imetoka?" akauliza. Alikuwa amekaa karibu nami, lakini kwake herufi zile ndogo za kioo zilikuwa mwanga tu.

"Imetoka."

"Na yangu ipo?"

Nikamwambia ipo. Sina udhuru. Nilijua haoni, nikaitumia hiyo. Nikamwomba aniachie flashi mpaka kesho, yule mama aikague. Akasitasita, akafungua na kufunga leso, mwisho akaiacha, akaenda kusali Magharibi.

Alipoondoka nikafanya upumbavu wa pili. Nilichomoa, nikachomeka, nikabonyeza kila kilichojitokeza kwenye kioo, nikidhani kimojawapo kitairudisha. Kizungu sikisomi. Kimoja kilikwenda polepole sana, mstari wa kijani ukijaa kidogo kidogo, nami nikiutazama kwa matumaini, kumbe nazidi kuifuta flashi.

Kesho yake yule mama akaja, akaketi, hakunigombeza. "Mzee, hazikuwa mbili," akasema. "Flashi ni moja, kompyuta huionyesha mahali pawili. Ni kama nyumba zenu za huku, mlango mmoja barabarani na mwingine kichochoroni. Ukitoa kitanda kwa huku, ukizunguka kule hukikuti." Akaweka programu ya kutafuta vilivyofutwa. Majina ya picha yalirudi, mengi. Picha zenyewe hazikufunguka hata moja.

Sahibu yangu akaingia tukiwa hapo hapo. Akatoa salamu, akavuta kiti. "Haya mama, nionyeshe."

Yule mama hakujua nilichokuwa nimesema jana. "Pole, mzee wangu. Zimepotea zote jana, alipofuta."

Akageuka kunitafuta na yale macho yake. "Jana ulijua?"

"Nalijua."

"Ukaniambia ipo."

"Naliogopa."

Akamwelekea yule mama. "Na kwenye mashine ya huyu, hamna?"

"Hamna, mzee. Hazikuwahi kuwemo."

"Huyu ndiye aliyeniambia zimo."

"Alikosea."

"Jana alikosea, leo ndiyo wasema kweli? Na wewe si wafanya kazi ya kupiga chapa, ya kutoa nakala?"

Yule mama akaniangalia, akaangalia mikono yake. Nikamwambia sahibu yangu, "Ichukue kompyuta. Ibebe yote, kaipekue kwa umtakaye." Akasema aibebe aipeleke wapi, na ataipekua kwa macho gani. Nikaapa. Akaniambia nisiape, nitajiongezea dhambi.

Akainuka. Nikaitia flashi mkononi mwake, akaiweka mezani taratibu, mbali na ukingo isije ikaanguka. Nikamfuata mpaka kwenye ngazi, maana ngazi zangu ni za wima na zina giza hata mchana.

"Ngoja nikushike mkono."

"Ngazi hizi nazijua."

Akashuka, mkono ukutani, kipandio kimoja kimoja. Nikamsikia akitafuta viatu vyake kwa mguu, kisha mlango wa chini ukafungwa polepole. Hakurudi tena.