Ndege Hawali Makapi

Kwetu bonde la Kilombero wanawake hupeta mpunga huku wakipiga soga. Ungo unapanda, unashuka, punje nzito zinabaki, na zile tupu zinazopeperuka na kuanguka pembeni ndizo makapi. Hayauzwi, hayapikwi, hata kuku huyachakura kwa kukata tamaa. Hilo ndilo jina langu: Makapi. Sijakutana na mwanamke mwingine mwenye jina hilo, na nilipokuwa msichana nilimshukuru Mungu kwa niaba yao wote.

Si kwamba mama alinichukia. Kabla yangu alizaa wengine, wote wazuri, wote wakapewa majina ya kupendeza, na hakuna aliyefikia kutambaa. Nilipozaliwa mimi, bibi mzaa mama alinibeba mpaka uwanja wa kupigia mpunga, akanilaza juu ya lundo la makapi, akaondoka bila kugeuka nyuma. Jirani yetu, ambaye walikwisha kupanga naye, akapita akiuliza kwa sauti, "Nani katupa mtoto hapa?" Mama akamjibu kutoka mlangoni, "Hayo makapi tu, anayetaka aokote." Jirani akaniokota, akanipeleka kwa mama, akamwomba amsaidie kunilea. Tangu siku hiyo nikawa mtoto wa kuokotwa katika nyumba niliyozaliwa.

Padri alinibatiza jina la mtakatifu, na baba alilipenda. Mama alilisikia likitamkwa kanisani, akaliacha hukohuko.

Miaka ile ya tisini, mpunga ukianza kutoa masuke tulihamia shambani, upande wa Namawala. Tuliishi kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, tukaamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, kuanzia alfajiri hadi jua lizame. Nayatamani maisha yale mpaka leo: kambale wa kubanika, umande miguuni, debe bovu tulilolipiga kwa zamu, na sauti ya mama ikivuka shamba zima, "Makapi, upande wako huo, wametua!" Watoto wa madungu ya jirani waliitika kabla yangu, wakacheka hadi wakakaa chini. Mimi nilitaka jambo moja tu duniani, mama aniite jina la kanisani, hata mara moja.

Siku moja nikamuuliza kwa nini haniiti kama baba anavyoniita. Hakuacha kupiga debe.

"Ndege umewaona wanatua wapi?"

"Kwenye mpunga."

"Umewahi kuwaona wanagombania makapi?"

"Hapana, mama."

"Basi niache."

Nilinuna siku nzima, na ndege wa upande wangu walishiba.

Msimu uliofuata homa ikanikamata kulekule shambani, nikaanza kuweweseka. Baba alinifunga kwa kanga mgongoni mwake, akapanda baiskeli mpaka Ifakara, mama nyuma yetu kwenye baiskeli ya jirani. Hospitalini nesi akauliza jina la mgonjwa. Baba akataja la kanisani. Mama, ambaye mbele ya watu wa hospitali hakuwa na neno zaidi ya shikamoo, akamkatiza.

"Anaitwa Makapi."

Alisema hivyo bila kumtazama nesi. Alikuwa anautazama mlango, kana kwamba kuna mtu amesimama pale anasikiliza. Akarudia kwa sauti zaidi, "Makapi. Huyo si kitu." Nesi alicheka kidogo. Baba aliinamisha kichwa, hakubisha. Nami nikalia, na haikuwa kwa ajili ya homa.

Nilipona. Nikakua, nikasoma, nikaolewa mbali, na huko kote nilijiita jina la kanisani. Kwa mama nilibaki Makapi, na nilikwisha kuacha kulalamika. La kuvunda halina ubani.

Mimba ya kwanza ilipokomaa nilirudi kwa mama kujifungua, kama desturi. Jirani yule aliyeniokota, sasa mzee wa kutembelea fimbo, alikuja kumwona mtoto. Akamfunua uso, akatabasamu.

"Umetuletea mtoto mzuri, mwanangu. Mzuri kweli."

Kabla sijafikiri lolote, mkono wangu ulikwisha kuvuta kanga na kumfunika mtoto uso.

"Mzuri wapi, bibi," nikasema. "Makapi tu hayo."

Mama alikuwa pembeni anapeta mchele wa uji wangu. Ungo ukasimama. Alinitazama, akauweka ungo chini na kujifuta mikono.

"Haya, jina limepata mwingine wa kumlinda," alisema. Kisha akaniita jina la kanisani, polepole, kama mtu anayeonja chakula cha moto, akaniambia nimpe mjukuu wake nikalale.

Nilichelewa kuitika. Nilidhani kuna mgeni mwingine ameingia.