Nyimbo za Bi Rukia

Jamani, hili huwa silisimulii, na nikilisimulia uso huniwaka, kwa hivyo msinicheke mpaka nimalize.

Miaka ya tisini mwishoni mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kompyuta pale mtaani kwetu Timbwani (fundi! nilijiita mwenyewe), na nilikuwa nikisaidia programu moja ya bure ya kuandikia mashairi, zile zinazotungwa na watu wa nchi mbalimbali bila malipo kupitia mtandao. Kazi yangu ilikuwa kutunza faili za kuifungasha, yaani zile zinazoiambia kompyuta iweke nini wapi, na toleo jipya likiingia, la zamani lifutwe vipi. Zuhura, jirani yangu, aliitumia kuandika nyimbo za vugo za mamake, zile wanawake huimba harusini wakigonga pembe; Bi Rukia alimwimbia moja moja pale kitandani alipokuwa mgonjwa, hadi Mungu alipomchukua.

Siku ya arobaini, baada ya khitma, shangazi zake wakataka kuziona. Mimi na kiherehere changu nikasema ngojeni, nina toleo jipya, herufi zake nzuri zaidi, nimelifungasha kwa mkono wangu.

"Kaka Athumani, tusitoe nakala kwanza?" Zuhura akauliza.

"Ya nini? Si nimeitengeneza mimi!"

Sasa, badala ya kutaja faili za kufutwa moja moja, nilikuwa nimeona uvivu nikaandika folda nzima ifutwe, na wallahi sikukumbuka kwamba humo humo ndimo watu huweka kazi zao. Nikabonyeza. Programu ikafunguka, nzuri, nyeupe, tupu. Nikafunga, nikafungua tena, jasho linanitiririka, shangazi wamenisimamia nyuma, mmoja anauliza, "Mbona hatuoni kitu, baba?" Zuhura akaelewa kabla yao, akajifunika uso kwa leso, akalia kilio kile kile cha siku ya maziko.

Nilihangaika mpaka magharibi kuzirudisha, hazikurudi. Shangazi wenyewe wakajaribu kuziimba, kila mmoja na kipande chake, hakuna aliyefika mwisho.

Nikairekebisha ile faili, nikaituma kwa wenzangu wa mtandaoni, na onyo kwamba ile ya kwanza inafuta kazi za watu. Mtu mmoja wa mbali, simjui hanijui, akaniandikia barua pepe kunishukuru, eti alikuwa karibu kuliweka toleo lile, nimemwokolea kazi yake ya miaka.

Tangu hapo sigusi kompyuta ya mtu bila kutoa nakala, hata anicheke. Lakini Zuhura tukikutana kivukoni hunisalimu vizuri, huniuliza habari za watoto. Afadhali angenitukana.