Mifuko ya Baba Mdogo

Kila Baba Mdogo alipoondoka nyumbani kwa Shangazi, alisimama mlangoni akageuza mifuko ya suruali yake nje, yote miwili, ikaning'inia kama masikio ya mbuzi. "Mmeona? Mitupu," alisema, akicheka. Sisi watoto tulicheka mpaka mbavu zikauma, tukampachika jina la Mifuko. Hakuna aliyetuambia kwamba haukuwa mchezo.

Niliambiwa nilipokuwa darasa la saba. Babu, baba wa Shangazi na Baba Mdogo, alikuwa na saa ya dhahabu. Ushahidi ulitundikwa ukutani kwa Shangazi: picha ya ujana wa Babu, ameketi studio, mkono juu ya goti, saa inang'aa. Ya dhahabu, walisema, ingawa picha yenyewe ni nyeusi na nyeupe. Babu alikuwa tarishi wa ofisi, na kila wanawe walipomuuliza saa iko wapi alijibu, "Ipo sandukuni, inapumzika." Alipougua, aliyemuuguza ni Baba Mdogo, na ufunguo wa sanduku ulikuwa kwake. Babu akafa. Sanduku likafunguliwa mbele ya watu wote: shuka mbili, vyeti, kofia ya kazi. Saa hakuna.

Shangazi, dada yao mkubwa, hakupiga kelele. Alimtazama mdogo wake, akasema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Wiki hiyohiyo akaweka kufuli kwenye mlango wa chumba chake.

Na kweli likaja. Mwaka wa tatu baada ya msiba Baba Mdogo alileta saa imefungwa kwenye leso, akaiweka mezani. "Hii hapa. Tuyamalize." Shangazi akaifungia kabatini. Mwizi kakiri mwenyewe, mtu ataka nini tena? Ndipo yeye akaanza ule mchezo wa mifuko.

Nami nilimshuku, sitajitoa. Baba Mdogo ni fundi bomba. Watu baki humwachia funguo wakaenda kazini, wakirudi wanakuta bomba limenyamaza na kila kitu kipo mahali pake. Lakini mimi, mtoto wa kaka yake, akija kwetu nilibeba mkoba wangu mpaka jikoni. Nilipoingia chuo cha sanaa nikaazimwa kamera, niliifungia kila nikisikia kengele ya baiskeli yake. Siku moja aliikuta mkononi mwangu.

"Mwanangu, hii inavutaje sura ya mtu?"

"Ni mambo ya mwanga tu," nikamjibu kwa mkato, nikairudisha kwenye begi.

Akasema ahaa, akaenda kunawa mikono. Jibu lile linanichoma hadi leo.

Mwalimu wetu wa picha alikuwa mwanamke mfupi asiyeamini chochote, hata kengele ya kutoka. Alitupa zoezi: kila mtu alete picha ya zamani ya kwao. "Usinieleze ni nani," alisema. "Nieleze mwanga unatoka wapi." Nikaenda kumwomba Shangazi picha ya Babu. Alinitazama juu mpaka chini.

"Jumapili iwe imerudi. Isije ikapotea kama ile saa."

Niliitoa kwenye fremu, nikaanza kama tulivyofundishwa. Mwanga ulitoka kushoto: kivuli cha pua kilianguka kulia, vya vifungo vivyo hivyo. Saa peke yake iling'aa upande wa kulia, na kivuli haikuwa nacho kabisa. Nikachukua lenzi ya kukuzia. Namba za saa zilikuwa nukta tu, na mkanda wake ulipita juu ya ukingo wa shati bila kuukunja.

Nilimpelekea mwalimu nikitumaini atanicheka. Aliilaza picha karibu na dirisha mpaka mwanga ukateleza juu yake. Karatasi yote ilimeremeta, ila palipokuwa na saa pakabaki pakavu kama chaki.

"Brashi," alisema. "Studio za zamani zilikuwa hivyo. Ukitaka tai, unapakwa tai. Huyu alitaka saa."

Alinipa alama nzuri. Kama saa ya Babu ilikuwa rangi, Baba Mdogo alirudisha nini? Jibu la kwanza lililonijia ni kwamba aliiba ya mtu mwingine. Ndivyo shuku ilivyo, ukiifukuza mlangoni inaingilia dirishani.

Jumapili nilimkuta chini ya sinki la Shangazi, miguu tu ikionekana, anakaza bomba. Nikamvuta Shangazi mezani, nikamweleza kwa sauti ya chini: mwanga, kivuli, brashi.

"Kwa hiyo baba yangu alikuwa mwongo?"

"Sijasema hivyo, Shangazi."

"Umesema. Kwa kisomo, lakini umesema." Akainuka. Nikasikia kufuli, kisha kabati. Akarudi na ile leso, akaitupa mbele yangu. "Na hii? Hii nayo imepakwa?"

Jikoni spana ikanyamaza.

"Niliinunua, dada."

Hakutoka chini ya sinki. Alisema akiwa amelala palepale.

"Kwa fundi saa. Nilizunguka miezi minne nikitafuta inayofanana na ya kwenye picha."

"Ununue kitu ambacho hukuchukua? Una wazimu?"

"Ulikuwa huniiti tena. Hata bomba likiharibika, ulimwita fundi mwingine." Akakohoa. "Nikaona heri niwe mwizi aliyerudisha. Huyo angalau anakaribishwa."

Shangazi aliketi. Aliivuta picha karibu, akalowesha kidole gumba kwa mate. "Shangazi, usi—" nilisema, lakini alikuwa ameshaanza kusugua. Saa ilitoka yote. Chini yake kulikuwa na mkono wa kijana, mwembamba, mtupu. Alikitazama kwa hasira kidole chake kilichochafuka, na safari hii hasira haikuwa kwa mdogo wake.

"Inapumzika," alisema. "Baba, miaka kumi na minne! Ungesema tu kwamba huna."

Baba Mdogo akamaliza kazi. Akafungua bomba, akalifunga, akahakikisha halivuji, akanawa, akakusanya vifaa vyake. Mimi nilitaka kumpa kamera aishike, nikaona ni kitu kidogo mno, nikabaki nimeikumbatia.

Alipofika mlangoni akasimama kama kawaida. Mikono ikaingia mifukoni, ikaanza kuivuta nje. Shangazi akamwahi. Alimshika viganja, kisha akairudisha mifuko ndani yeye mwenyewe, mmoja, halafu wa pili, akailaza kwa mkono kana kwamba anamtayarisha kwenda shule.

"Acha," alisema. "Acha, mdogo wangu."

Akamwachia apite. Baba Mdogo alibaki palepale kizingitini, begi la vifaa begani, mikono ikitafuta mahali pa kukaa. Alikuwa hajui tena mtu anaondokaje katika nyumba ile.