Kisanduku cha Jina la Ukoo

Kwa miaka mitatu nilimtafuta binti ambaye hakuwahi kuwapo duniani. Kosa lilikuwa langu, na nalisema waziwazi kwa sababu ofisini walitaka tulinyamazie.

Mimi ni wa kujitolea. Napita Gungu, Bangwe na bandarini nikiandika habari za watu waliopotezana na ndugu zao vitani, kisha ofisi inalinganisha majina na orodha za kambi za wakimbizi. Huko Bangwe kuna mama mmoja, Mrundi, anayeanika dagaa. Siku walipokimbia kwao, miaka saba kabla sijakutana naye, alipotezana na bintiye wa miaka sita. Fomu yake niliijaza mwenyewe. Baada ya jina la ubatizo ilikuwa na kisanduku cha jina la ukoo, nami sikutaka kukiacha wazi, nikamuuliza jina la baba wa mtoto, nikaliandika humo. Yeye hajui kusoma. Akaweka dole gumba, akaniamini.

Kila nilipopita aliniuliza, "Mwanangu, bado?" Ikafika mahali nikawa nazungukia njia ya nyuma ili asinione. Naona aibu mpaka leo.

Kisha ofisi ikatangaza kufunga mafaili yasiyo na majibu, na lake lilikuwamo. Nikaenda kumwambia, na kwa mara ya kwanza nikamsomea fomu yote, jina la ubatizo la binti likifuatiwa na la baba. Akaacha dagaa wake.

"Huyo ni nani?"

"Binti yako, mama."

"Wangu haitwi hivyo! Kwetu, ukiacha la ubatizo, kila mtoto ana jina lake mwenyewe, harithi la baba. Wangu ana jina la anayezaliwa baada ya mapacha. Mapacha wenyewe walifia njiani. Nimebaki na huyo tu."

Nilitamani ardhi inimeze. Mimi ni Muha, na kwetu pia mapacha si jambo la kusahaulika. Ningemuuliza swali moja la ziada tu, ningejua.

Nilipekua orodha za kambini upya. Alikuwapo mmoja mwenye jina hilo, wa umri huo, wa mlima uleule alikotoka mama, maana kwao kijiji hutajwa kwa mlima wake. Nikampelekea bosi habari hizo.

"Faili limefungwa," akasema. "Na jina hilo wanalo wengi. Kila nyumba yenye mapacha ina mmoja. Andika maombi upya, usubiri."

"Mama wa watu amesubiri miaka mitatu kwa kosa langu. Hasubiri hata siku moja kwa lako. Ukitaka kunifukuza, fukuza. Mimi ni wa kujitolea, utanikata nini?"

Nikachukua faili nikatoka.

Lakini kwa upande mmoja alisema kweli: jina peke yake halikutosha. Nikarudi Bangwe kuomba swali ambalo binti yake tu angeweza kulijibu. Mama akafikiri kidogo.

"Mapacha hupewa kila kitu sawa kwa sawa. Muulize, siku nilipowakatia kitenge, yeye alipata nini." Jibu akaninong'oneza sikioni, ingawa pale tulikuwa sisi na kunguru tu.

Kambini nilimkuta msichana wa miaka kumi na sita akimenya muhogo nje ya nyumba ya mama aliyemlea. Sikumtajia mtu yeyote. Nilisalimia, nikaomba ruhusa ya mlezi wake, nikauliza swali langu.

Kisu kikasimama.

"Mapacha walipata vipande viwili vilivyolingana," akasema. "Mimi nikalia. Nikapewa pindo. Mama akanifunga kichwani, akasema nisilie, pindo halifumuki."

Neno kwa neno. Nilijikaza nisilie mbele yake, nikashindwa.

Hakuniuliza nimetumwa na nani. Aliuliza, "Yuko wapi?"

Nikapiga simu Bangwe, nikamshikisha. Mama akamwita kwa jina lake, lile ambalo sikuwahi kuliandika, na binti akaitika.